Murongo Usio na Kilima

Mtu akiniuliza siku hizi ninauza nini, humjibu kwamba nauza vumbi, ili aniache niendelee na shughuli zangu. Nimechoka kueleza. Nikisema nasaga maganda ya ngazi, yale magumu yanayobaki kokwa ya mchikichi ikishapasuliwa, wananiuliza kama ni ya kuku. Nikisema si ya kuku, ni ya kutiwa ndani ya visima vya mafuta huko nchi jirani wanakochimba, wanacheka mpaka wanashika ukuta. Jirani yangu mmoja hapa Kamembe, mwenye duka la mabati, alitangaza mbele ya watu kwamba amewahi kuona wanawake wanaouza mafuta na wanawake wanaotupa maganda, lakini anayeyarudisha maganda kwenye mafuta ni mimi wa kwanza. Watu walicheka. Mimi sikucheka, na hadi leo mabati nanunua kwingine.

Jambo lenyewe si gumu. Anayechimba kisima cha mafuta au cha gesi hupeleka chini tope jepesi la kupoza chuma na kupandisha juu vipande vya mwamba. Mwamba ukiwa na nyufa, tope linapotelea humo na kazi inasimama. Hapo ndipo wanapotia chembe za mimea, maganda kama haya yangu, yaliyosagwa. Chembe kubwa zinakwama kwenye ufa, za kati zinakaa katikati ya zile kubwa, na vumbi linafunga nafasi iliyobaki. Na kisima kilichozeeka, kinachotoa maji mengi kuliko mafuta, nacho hutiwa chembe za namna hiyo ili njia ya maji izibwe na mafuta yapate pa kutokea. Hayo yote niliambiwa. Kisima chenyewe sijawahi kukiona.

Kilichoniingiza humo hakikuwa kisima, yalikuwa magoti ya mtu.

Mtu huyo ninamwita Maman, ingawa hakunizaa. Nilizaliwa Bukavu, wazazi wangu wakiwa Wanyarwanda, na tuliporudi huku Cyangugu, Rwanda, nilikuwa msichana mkubwa asiyejua Kinyarwanda cha kununulia hata chumvi. Sokoni walinicheka. Maman, Mkongomani wa Kadutu aliyekuwa akivuka daraja la Ruzizi kila asubuhi na beseni kichwani, alinikuta nimekaa kando ya barabara na mafungu yangu ya nyanya ambayo hakuna aliyeyagusa. Aliketi karibu nami bila kukaribishwa, akayapanga upya. Siku ya pili aliniletea murongo wake wa zamani, kile kikopo cha bati cha kupimia unga, maharagwe na sambaza, dagaa wa Kivu, akanifundisha kupima.

Kupima kwake kulikuwa hivi. Unachota, unajaza mpaka juu kunasimama kilima. Kilima kikianza kumwagika, unamimina kwenye mfuko wa mteja. Halafu, mteja akidhani yameisha, unarudisha mkono kwenye beseni, unachota konzi moja na kuitupia juu. Hiyo ndiyo matabishi. Na unapoitoa unamtazama usoni, huangalii beseni, asije akadhani roho inakuuma. Nilipojaribu kutoa bila kilima, siku zile za mwanzo, aliushika mkono wangu mbele ya mteja akaurudisha kwenye beseni. Sikusahau.

Tulivuka pamoja miaka mingi, unga kwenda na mawese kurudi. Mpaka ukifungwa, kila mtu alikaa na njaa upande wake. Ukifunguliwa, tulibeba mara mbili. Mimi nilibahatika kutoka mapema, nikanunua mashine ya kusagia mihogo na mahindi. Yeye aliendelea kubeba. Kisha magoti yake yakaanza kuvimba, na daktari wa upande wa kwao akamwambia waziwazi kwamba akiendelea na mizigo kwenye ule mteremko wa darajani, atamaliza maisha yake akiwa amekaa. Alinisimulia hayo huku akicheka na beseni likiwa kichwani bado. Nilipandwa na hasira palepale barabarani. Nilimwambia anipe muda kidogo tu nitafute kazi ya kufanywa umekaa, na siku nikiipata asiguse beseni tena. Alisema sawa, kwa ile sauti ya mtu anayemkubalia mtoto.

Basi mnunuzi alipotokea, nilimshika kwa mikono miwili.

Alikuwa mwanaume nadhifu kutoka Kigali, aliyesoma Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa cha vitabu mpaka wanawake wa mashine yangu wakawa wanajirekebisha nguo akianza kuongea. Alikuwa ameona marundo ya maganda kwa watu wa sabuni, wale wanaokamua kokwa za ngazi na kutupa kilichobaki, akauliza ni nani hapa mwenye mashine ya kuyavunja. Wakamleta kwangu. Aliyanusa maganda, akayagonga kwa jiwe, akasema haya ndiyo.

Mashine yangu haikukubaliana naye. Gunia la kwanza lilivunja wavu wa chini na kunyofoa nyundo mbili, na kelele yake iliwatoa watu kwenye kanisa la jirani, ambako walikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Nilibadilisha wavu, nikabadilisha nyundo, nikaoga vumbi la kahawia ambalo halitoki puani kwa siku tatu. Mvua nayo. Tukianika maganda saa nne, saa tano inanyesha. Tukiyafunika, jua linatoka. Nilifika mahali nikawa nazungumza na mawingu kwa sauti, na mteja wa unga wa mihogo akaniuliza kama niko sawa.

Niliwakusanya wanawake sita, wote wa kuvuka daraja, wa huku na wa kule, na wa kwanza wao Maman. Kazi yake ilikuwa kushona midomo ya magunia. Nilimtafutia kigoda chenye mgongo, nikamweka penye kivuli karibu na mizani, na sindano kubwa ya magunia. Alivuka asubuhi mikono mitupu, akarudi jioni mikono mitupu. Wiki ya pili aliniambia ameweza kupiga magoti kanisani. Nilijifanya sijasikia, kwa sababu ningelia.

Swali lake la kwanza, siku mnunuzi alipokuja kutueleza, lilihusu ziwa.

"Haya maganda haiendake mu Kivu?" aliuliza. "Juu banasema gazi iko chini ya maji. Musije mukaua sambaza."

Mnunuzi alimhakikishia kwamba gesi ya Kivu ni mambo mengine kabisa, na kwamba yetu yanakwenda mbali. Kisha akaomba kikapu. Akamimina maji, yakapita yote. Akatia maganda makubwa, akamimina, yakapita. Akatia ya kati, yakapita polepole. Akatia vumbi, na maji yakasimama. Wanawake walipiga makofi. Yeye akafurahi, akatupa karatasi yenye masharti: yachekechwe kwa machekeche matatu, yakauke, yachanganywe kila saizi kwa kipimo chake, na gunia liwe sawa kutoka mdomoni hadi chini. Hilo la mwisho alilirudia mara mbili, na mimi nikalirudia mara ya tatu kwa Kiswahili chetu, nikidhani limeingia.

Sampuli ya kwanza ilikataliwa. Nilipiga simu, nikaambiwa haina vumbi hata kidogo. Nilikwenda uani nikawakuta wanawake wawili na ungo, wanapepeta. Walikuwa wamepepeta gunia zima, kwa bidii, mpaka vumbi lote likaruka kwenye migomba ya jirani. Nilipowauliza sababu, walinitazama kama mimi ndiye niliyepotea. Muntu anatumiaka mugeni kintu na vumbi ndani? Niliwaambia vumbi ndilo dawa yenyewe, wakasema ee, ee, lakini niliona usoni mwao kwamba wananisikitikia. Nilizificha nyungo zote nyumbani kwangu, chini ya kitanda.

Sampuli ya pili ilipita. Mnunuzi akaagiza magunia thelathini ya majaribio, akasema yakiwa kama sampuli, kazi itakuwa ya kudumu. Nilimweleza kila mtu maana yake: hakuna kurudi kwenye mteremko, si mvua, si mpaka kufungwa, si beseni. Nilisema hivyo nikimtazama Maman. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano, na aliniitikia kwa kichwa.

Tulifanya kazi kama watu wanaokimbizwa. Mimi kwenye mashine, wawili kwenye machekeche, mmoja kwenye kuchanganya, mmoja akijaza, mmoja kwenye mizani, na Maman mwisho wa mstari akishona. Kila jioni nilipanga magunia ukutani na kuyagusa kwa mkono, moja moja. Mume wangu aliniambia nimeacha kula vizuri. Nilimwambia nitakula yakiondoka.

Mnunuzi alikuja mwenyewe na lori, na machekeche yake madogo ya chuma kwenye sanduku. Alichagua magunia matano, akakata uzi wa Maman, akafungua, akachota kwenye mdomo wa gunia kwa kikombe. Nilikuwa nimesimama karibu naye hata nikasikia anavyopumua. Alitikisa chekeche lake. Akatazama. Akatikisa tena. Kisha akafungua gunia la pili, na la tatu, mpaka akamaliza la tano.

"Mama, hii siyo bidhaa tuliyokubaliana," alisema. "Ni makubwa matupu."

Nilimwambia haiwezekani. Niliingiza mkono wangu mwenyewe kwenye gunia, nikatoa chembe kubwa nzuri, nyeusi, zinazong'aa, zote saizi moja kama maharagwe yaliyochaguliwa. Niliingiza mkono chini zaidi, hadi kwenye kiwiko, nikakuta mchanganyiko wangu, uko vilevile. Nikamwambia achote chini. Alikataa, na sasa najua alikuwa na haki. Alisema huko kisimani hakuna mtu wa kuchimba chini ya gunia. Wanakata, wanamimina, na kinachotangulia ndicho kinachotangulia. Halafu akauliza kwa nini uzito wa kila gunia umezidi ule ulioandikwa.

Niliwageukia wanawake.

"Nani aliweka hii juu?"

Maman alijibu akiwa kwenye kigoda chake. Hakusita wala hakuona aibu.

"Njo miye," alisema. "Ni matabishi."

"Matabishi ya nani, Maman?"

"Ya kiliya, muteja wetu, si njo huyu. Anatoka Kigali, njia yote ile, abebe gunia bila kuongezewa? Kila gunia nilimutilia murongo moja mbele nishone. Na nilimuchagulia ile yenye iko muzuri, ya vumbi sikumutilia."

Mnunuzi aliuliza matabishi ni nini. Mmoja wa wanawake akamwambia ni nyongeza, mteja mzuri huongezewa. Na yule bwana, badala ya kukasirika, akacheka. Alicheka kwa upole tu, akamtazama Maman kwa namna ya kumpenda. Kicheko kile ndicho kilichonimaliza. Magunia yangu thelathini yamelala pale, lori limekuja bure, wanawake sita wanaweza kurudi kesho kwenye mteremko, na watu wanacheka.

"Maman, hapa haiko soko!" nilisema, na sikusema, nilipiga kelele, mpaka mwenye duka la mabati akatoka nje. "Unatuharibia kazi! Tangu nikujue unaongezeaka bantu, unaongezeaka, unaongezeaka. Umebakia na nini? Niambie. Na magoti ya kufa, njo ile tu umebakia nayo!"

Maman alinitazama kidogo, kisha akatazama sindano yake. Uzi ulikuwa umetoka. Alijaribu kuutia tena mara mbili, tatu, haukuingia, akaiweka sindano mapajani.

Mnunuzi akatupa wiki moja. Alisema kwa sababu chini kuko sawa, tuyafungue yote, tuyamwage, tuyachanganye upya, tuyapime upya, naye atarudi mara moja, hatarudi mara ya pili. Nilimshukuru.

Wiki hiyo nilikuwa mtu mbaya, na nasema hivyo bila kujitetea. Nilipiga marufuku kilima. Nilikwenda kwa seremala, akanipigia randa kipande cha ubao, kimenyooka, urefu wa mkono wangu kutoka kiwikoni. Niliwaonyesha: unajaza murongo, unapitisha ubao juu, kilichozidi kinarudi kwenye beseni, kisha ndipo unamimina. Nilimpa Maman kazi hiyo, na ya kushona nilimpa mwingine. Wenzangu walidhani namwadhibu. Mimi nilijiambia namfundisha. Nilisimama nyuma ya kigoda chake siku nzima, nikimsimamia mwanamke aliyenifundisha kupima jinsi ya kupima.

Alifanya barabara. Hakukosea hata mara moja. Alijaza, akakata kwa ubao, akamimina. Ila mkono wake wa kushoto ulikuwa na mambo yake. Kila akimaliza kumimina, ulinyanyuka wenyewe, ukaingia kwenye beseni, ukakumbuka, ukarudi mapajani mtupu. Niliuona. Niliona kila mara, na kila mara niliudhika upya, kana kwamba ule mkono unanibishia. Siku ya pili nilimwambia, "Maman, mukono." Alisema, "Nauona." Basi.

Mnunuzi alirudi siku aliyosema. Alichota mdomoni, akachota katikati, akamwaga gunia moja zima kwenye turubai ili ajiridhishe. Akatikisa machekeche yake moja baada ya jingine, akaandika, akanipa mkono. Yamepita. Wanawake walipiga vigelegele, wakamshika maskini mnunuzi wakamzungusha mpaka kalamu yake ikaanguka. Mimi nilikaa chini juu ya magunia matupu. Nilitafuta kwa macho pale kwenye kigoda. Maman alikuwa amesimama, anafunga kitambaa chake kichwani.

"Mungu asifiwe," alisema. "Sasa kazi yenu iko."

Akateremka kwenda zake kabla hatujamaliza kupakia. Kulikuwa na fanta, nilimwekea moja, ikabaki. Jioni nilipofagia sikuuona ule ubao wa seremala, nikadhani kuna aliyeuwashia moto.

Jumatatu hakuja. Nilimtumia salamu kwa mmoja wa wanawake wa kule, jibu likarudi kwamba magoti yanamuuma kidogo. Nilikasirika. Nani anaumwa magoti wiki ileile kazi imepatikana? Jumatano hakuja. Kigoda kilikaa pale karibu na mizani, na wanawake wakawa wanakizunguka, hakuna aliyekikalia hata alipochoka. Wiki iliyofuata mmoja wao, bila kunitazama, aliniambia kwamba Maman yuko chini karibu na daraja. Na beseni.

Sikwenda. Nitasema ukweli, wiki tatu nzima sikwenda. Nilikuwa na oda mpya, nilikuwa na mashine inayovuja grisi, nilikuwa na mvua, na kila usiku kabla ya kulala nilikuwa na hotuba niliyoitengeneza ya kumwambia. Kwamba ni mkaidi. Kwamba kazi hii yote, kelele hii, vumbi hili, nilivianzisha kwa ajili yake, na yeye amekwenda kubeba sambaza kwa magoti yale, kunikomoa. Mume wangu alisikiliza ile hotuba mara moja tu, kisha akaniuliza swali lililonikosesha usingizi. Aliuliza, siku ile ulipomwambia umebakia na nini, ulitaka akujibu nini?

Jibu lilikuwa limesimama mbele yake, likimpigia kelele. Katika watu wote aliowaongezea, ni mimi niliyebaki.

Wakati huohuo mnunuzi alipiga simu kuniambia chembe zetu zimetiwa kisimani na zimeshika. Tope limeacha kupotea. Wachimbaji wamefurahi kwamba gunia moja ni kama lingine, hakuna lililozidi wala kupungua. Nilimwambia asante. Nilipokata simu sikujisikia chochote ila hasira ileile, isipokuwa sasa haikuwa na mtu wa kumwangukia.

Nikateremka Alhamisi asubuhi. Barabara ile naijua kwa miguu, kila kona yake, na nilishangaa jinsi ilivyo kali nilipoishuka bila mzigo. Nilimkuta pale chini, kabla ya kufika kwa watu wa forodha, amekaa kwenye kipande cha katoni, miguu ameinyoosha mbele kwa sababu magoti hayakunjiki. Fimbo ilikuwa ubavuni. Beseni la sambaza kavu lilikuwa mbele yake, na wateja watatu.

Hotuba yote ilinitoka. Nilisimama kwenye mstari kama mtu mwingine. Zamu yangu ilipofika aliinua macho, na uso wake ukafunguka kama kawaida, hakuna kinyongo, na hilo lilinichoma kuliko kama angeniachia tusi.

"Karibu, maman," aliniambia, kama anavyomwambia mteja yeyote. "Ngapi?"

Hakuwahi kuniita maman. Kwake mimi nilikuwa "mutoto wangu", tangu siku ya nyanya.

"Murongo moja," nilisema. "Maman, nilikuja tuongee. Kiti yako iko. Rudi kwa kazi."

"Kazi yenu iko muzuri, banasema," alijibu. "Namushukuru Mungu."

"Rudi, basi. Uende ukashone tu. Hakuna mwenye atakusimamia."

Alichukua murongo, akachota sambaza, akajaza mpaka kilima kikasimama na vichwa vya samaki vikawa vinaning'inia pembeni. Nilifungua mfuko wangu. Lakini hakumimina. Aliingiza mkono chini ya katoni, akatoa kipande cha ubao kilichonyooka, urefu wa mkono wangu kutoka kiwikoni. Akakipitisha juu ya murongo, polepole, kwa uangalifu, kama nilivyomfundisha, na kilima chote kikarudi kwenye beseni. Akanimiminia kilichobaki.

Nilisubiri. Niliutazama mkono wake wa kushoto. Ulikuwa mapajani, umetulia kabisa.

"Maman," nilisema, "unanifanyia nini?"

"Weye njo unapendaka kipimo ya sawa," alisema, bila ubaya wowote, huku akinifungia mfuko fundo. "Nilijifunza."

Nyuma yangu alikuwepo mwanamke nisiyemjua, mgeni, pengine wa huko mashambani Nkanka, na mtoto mgongoni. Aliomba murongo mmoja. Maman aliurudisha ubao chini ya katoni, akachota, akajaza hadi kilima, akammiminia, na yule mwanamke alipodhani yameisha, mkono wa kushoto ukaingia kwenye beseni, ukatoka umejaa, ukatupia konzi nzima juu, huku Maman akimtazama usoni. Sambaza mbili zilidondoka chini, karibu na viatu vyangu. Nilikuwa bado nimesimama pale na mfuko wangu mkononi wakati yule mwanamke alipokuwa akiziokota.